Mara Saba, Moja kwa Udongo

Juzi nilikwenda Kinango kumzika Kache. Wasifu wake ulisomwa chini ya turubai, na sikatai, ulikuwa umeandikwa vizuri: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa na fundi wa baiskeli, akakaa Tiwi kwa muda, akarudi kwao, akajaliwa watoto watano kwa jumla, alipenda kwaya na mbuzi wake. Nikawa ninangoja. Nilidhani watafika kwenye mwaka wangu na wake, lakini msomaji aliruka kutoka Tiwi hadi watoto watano kama mtu anayeruka dimbwi asichafue viatu. Mama mmoja tuliyetoka naye Tiwi akaniinamia akanong'ona, "Huyu si ndiye yule wa mbwa?" Akacheka kidogo, kicheko cha kando ya mdomo. Mvi zimeshanijaa kichwani na nilidhani hasira za ujana zimeniacha, kumbe zilikuwa zimelala tu. Nikamjibu, "Ndiye. Na mimi ndiye mwenzake." Sikunong'ona. Watu wa mstari wa mbele waligeuka, nami nikawaacha wageuke. Basi nitayasema hapa yale ambayo wasifu uliyaonea haya, na kama kuna wa kuona aibu kwa habari hizi, asinitafute mimi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza shule, sijui la kufanya, nikakaa kwa Shangazi Mejumaa kumsaidia kazi ya mahamri. Ukitaka kumjua shangazi yangu, usianze na uso wake, anza na jiko lake. Lilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba, sakafu imefagiliwa hadi inang'aa, karai kubwa juu ya mafiga, na ndoo nne zilizofunikwa kwa sinia, kila moja na kazi yake. Aliosha ndoo kabla ya kuitia maji, na mtu akipita karibu na viatu, aliyamwaga maji hayo akaiosha tena. Wanunuzi walitoka mbali kuja kwake, na si kwa sababu ya iliki peke yake. Walijua ukila kwa Mejumaa umekula kwa mtu msafi. Adhana ya alfajiri ikilia, unga ulikuwa umeshaumuka, mbaazi zinatokota kwenye tui, nami nimekaa juu ya kibao nikisukuma madonge kabla macho hayajafunguka sawasawa. Ilikuwa kazi ngumu na niliipenda, ingawa sikuwahi kumwambia.

Nyumba ya jirani, upande wa pwani, ilikuwa ya mtu tuliyemwita Injinia. Alikaa mjini, akija Tiwi kwa Idi na kwa siku chache za likizo. Alikuwa na heshima zake: ndiye aliyeutandika msikiti wetu mazulia mapya, na wazee walipomtaja walimtaja kwa dua. Alikuwa ameweka askari mmoja na mbwa mdogo wa kahawia, mwenye kifua cheupe, aliyefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya tangi la maji ili akue mkali. Askari alipata msiba kwao, akaenda, hakurudi. Aliondoka amefunga lango kwa kufuli, maana hivyo ndivyo alivyoagizwa, na mbwa akabaki ndani. Tulidhani kuna mtu mwingine anayekuja kumtazama. Siku ya tatu mbwa aliacha kubweka akaanza kulia, na kilio kile kikaingia moja kwa moja jikoni kwetu, tukawa tunakanda unga huku tunakisikia.

Kache alikaa upande wa pili wa nyumba hiyo. Alikuwa Mduruma, Mkristo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na kwao mbwa ni mtu wa kazi, hulinda mbuzi. Yeye ndiye aliyekuja uani petu kwanza. "Bi Mejumaa," alisema, "mbwa wa Injinia atakufa na kiu. Tena amefungwa kwenye tangi la maji." Shangazi hakuinua uso kwenye mbaazi zake. "Mbwa ana mwenyewe, Kache. Vya watu vina mambo." Kisha akaliangalia sufuria la wali wa jana, akaniangalia mimi. "Wali huu haujachacha. Upeleke, Siti, lakini usimsogelee." Asiyejua dini yetu na aelewe hapa. Mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito. Yakikugusa huoshi mara moja ukaisha, unaosha mara saba, na moja ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hilo halikumpa mtu ruhusa ya kumtesa mbwa. Sote tulifunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, habari ya aliyemnywesha mbwa maji akasamehewa dhambi zake. Tiwi nzima waliihifadhi hadithi ile, ila hapakuwa na aliyetaka kuwa yeye.

Kwa hiyo tulitumia upembo, ule mti mrefu wenye kikulabu wa kuangulia maembe. Nilifunga kifuu kwenye ncha yake, nikakijaza maji, nikaupitisha kwenye matundu ya seng'enge hadi mdomoni mwa mbwa. Chakula tulikitia kwenye kopo, tukakisukuma kwa njia ile ile. Asubuhi ilikuwa zamu yetu, jioni ya Kache. Majirani wengine nao wakaingia: huyu alileta vichwa vya samaki, yule ukoko wa ugali, na kila mmoja aliushika upembo mwisho kabisa, kama anayechokora nyoka. Tukajiona watu wema. Mbwa alikula, akakua, baada ya miezi miwili alikuwa mara mbili ya alivyokuwa, na tulisimama kwenye waya tukimsifu jinsi alivyonawiri.

Hapa ndipo tulipokosea, na kosa hili simtupii Injinia peke yake. Shingoni mbwa yule alikuwa amefungwa mkanda wa mpira wa gurudumu, umekazwa kwa waya, tangu akiwa mtoto. Sisi tulilisha mwili, mkanda haukukua. Kwa urefu wa upembo unakiona kinywa kinachokula, huioni shingo iliyo nyuma yake, hasa ikiwa imefunikwa na manyoya. Tulikuwa tunamnenepesha ndani ya kitanzi, na kila siku nilirudi nyumbani mikono yangu mikavu, nikijisifu kwa sadaka yangu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo na nimeona misaada mingi ya namna ile, mikubwa kuliko ya kwetu, inayotolewa kwa upembo. Siku hizi nikiiona ninauliza aliyeitoa amesimama umbali gani.

Haikuwa kwamba hatukumtafuta mwenyewe. Shangazi alimpigia Injinia mara tatu kwa simu ya mume wa Kache, na mara zote tatu alipokewa kwa maneno matamu. "Ahsante sana, Bi Mejumaa, Mwenyezi Mungu akulipe. Nitatuma mtu." Mara ya tatu Shangazi alimrudishia Kache simu akasema, "Mtu huyo anayetumwa, nadhani anakuja kwa magoti." Tulikwenda pia kwa mzee wa mtaa, naye akatuonya tusiguse lango la watu tukaitwa wezi. Alisema yale mazulia hatukuyasahau, sivyo? Hatukuyasahau. Tuliyasujudia kila siku, tungeyasahau vipi?

Asubuhi moja mbwa hakula. Alisimama, akanyoosha shingo, akaufungua mdomo mbele ya kopo, akashindwa kumeza. Nzi walikuwa wamemzonga. Nilimwita Kache, akaja akachuchumaa kwenye waya akanusa, kama unavyonusa maziwa uliyoyatilia shaka. "Siti," alisema, "hii ni nyama inayooza. Mbuzi akinuka hivi kwetu, una siku mbili."

"Tufanye nini?"

"Tuingie."

"Na lango?"

"Nani ametaja lango?" Akaenda kwao, akarudi na koleo la mumewe, akaanza kukata seng'enge uzi mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, bila kutazama nyuma. Mimi nilikuwa nimesimama na upembo mkononi. Ningeweza kubaki pale nje nikiushika, na hakuna ambaye angenilaumu. Kache alikwisha kupita. Alisema, "Mmoja akate, mmoja ashike kichwa. Anayejua kukata ni mimi." Niliulaza upembo kwenye majani nikaingia.

Nilikaa chini, nikatandika leso yangu mapajani, nikakipokea kichwa kile. Nilikuwa nimejiandaa kuumwa. Hakuniuma. Alikilaza kichwa chote kwangu, kizito, cha moto, na mate yake yakaniteremka mikononi hadi viwikoni. Kache aliukata waya kwa koleo, kisha akaubandua mpira kwa wembe, polepole, maana ulikuwa umeingia ndani ya nyama na nyama imeanza kuufunika. Funza walimwagika juu ya leso. Kache alikuwa akizungumza na mbwa kwa Kiduruma muda wote, kwa sauti ndogo, na sikuuliza anamwambia nini. Tulikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakitia tumbaku iliyoloweshwa ili funza waliobaki watoke, halafu mafuta ya mwarobaini. Nililia, ndiyo, lakini huruma ilikuwa kidogo na hasira ndiyo iliyokuwa nyingi. Niliwaza juu ya ule mdomo mtamu wa simu, na juu ya mikono yangu iliyokuwa mikavu miezi miwili.

Tulimleta kwetu kwa sababu kwa Kache kulikuwa na mtoto anayetambaa. Shangazi alitoka na ufagio, akasimama katikati ya ua. "Huyo asipite kwenye mkeka." Nikamwambia hatapita. "Akae kule nyuma ya kuni. Na wewe jikoni usiingie mpaka uoshe." Nikaosha mara saba. Udongo tuliuchota chini ya mnazi, nikajisugua nao hadi ngozi ikawasha. Kila siku nilimsafisha kidonda, na kila siku nikaosha, na ndipo nikarudi kwenye madonge yangu.

Maneno hayakuchelewa. Ukuta wa makuti hauzuii sauti, na waliosimama kununua nje walikuwa kana kwamba wamekaa mapajani mwetu. "Mikono inayomshika mbwa ndiyo inayosukuma mahamri," alisema mmoja. Mwingine akajibu kwamba yeye leo atakula mkate. Shangazi alikuwa anageuza mahamri kwenye karai, akasimama na kijiti mkononi hadi upande mmoja ukaungua, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Siku ile yalibaki nusu. Siku ya pili yalibaki karibu yote. Tulikula mahamri mchana, tukala mahamri jioni, tukampelekea Kache na mumewe, na mbwa naye akapata riziki yake. Baada ya kula Shangazi aliniketisha. "Siti, chagua. Mbwa au unga."

"Shangazi, mimi sichagui," nilisema. "Kidonda bado kibichi. Ukinitoa, nitahamia kwa Kache na mbwa wangu."

Sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo, na wanangu ningewatandika kwa jibu kama lile. Lakini silirudishi. "Umeota ulimi," alisema Shangazi, akaondoka na sahani.

Nisijipe sifa: si mimi niliyemgeuza. Aliyemgeuza ni jirani mmoja aliyekuja kesho yake kurudisha bakuli letu la mbaazi, akasema kwa upole kabisa kwamba ameliosha mara saba kabla ya kulitumia, kwa tahadhari tu. Shangazi alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani. Aliporudi alilinyanyua lile bakuli akaligeuzageuza. "Ameosha chombo changu? Changu mimi?" Akavaa buibui akaenda kwa mwalimu wa chuo, akakaa huko hadi nikaanza kuogopa. Aliingia akavua viatu akasema, "Mwalimu kasema mtu akiosha mara saba, moja kwa udongo, amekwisha. Hakuna ya nane. Anayedai ya nane alete kitabu chake."

Asubuhi iliyofuata alitoa meza ya mahamri hadi mbele ya nyumba. Pembeni yake aliweka beseni, birika la maji na bakuli la udongo. Walikuwepo wanawake sita saba, wengine wamekuja kununua, wengine kutazama tu kama wapo wanaonunua. "Siti," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "nenda kamhudumie mbwa wako, kisha uje hapa." Nikaenda, nikamsafisha, nikarudi na mikono yangu imelowa. Shangazi akaliinua birika. "Hesabuni nyinyi. Mimi nikihesabu mtasema nimeruka." Maji yakaanza kuteremka, nami nikaona aibu imenipanda usoni, kisha nikaiona inashuka, na nikanyanyua kichwa nikawatazama mmoja mmoja.

"Moja," alisema Kache kutoka upande wa pili wa ua.

Shangazi akacheka. "Hata Kache ajua, na nyinyi mwanyamaza?"

"Mbili," alisema mama mmoja, kwa kujilazimisha. Kwenye udongo walikuwa watatu. Kwenye ya tano walikuwa wote, hata wale waliokuja kwa umbea. Ya saba ilimkuta mwalimu wa chuo anapita na bakora yake. Alisimama akaitazama mikono yangu, mbele na nyuma. "Imetahirika," alisema. "Nipe mahamri manne, Bi Mejumaa, na mbaazi usinipunguzie." Tulifanya vile kila asubuhi hadi watu wakachoka kuhesabu. Wateja walirudi. Si wote, wapo waliokula mkate tangu siku ile hadi walipokufa, na mkate wao uwafae.

Injinia alikuja Idi. Watu walikuwa wametoka kuswali, ua wetu umefagiliwa, Shangazi amekaa kwenye mkeka na gauni lake jipya, hina mikononi, visheti kwenye sinia mbele yake. Kache alikuwa amekuja kula nasi. Injinia aliingia na kanzu nyeupe, nyuma yake mzee wa mtaa na wanaume watano sita wa msikitini, na dereva wake. Mkononi mwa dereva niliuona ule mnyororo.

"Bi Mejumaa, shikamoo," alisema, akanyoosha mkono wa Idi.

"Marahaba," alijibu Shangazi. Mikono yake haikutoka mapajani.

Injinia akaurudisha wake taratibu, kama hakuona kwamba umekataliwa. "Nimeambiwa mbwa wangu yuko hapa, na waya wangu umekatwa. Sikuja kwa ugomvi, leo ni siku kubwa. Nirudishiwe changu, na aliyekata aniambie tu, yaishe."

"Niliyekata ni mimi," alisema Kache.

"Na mimi nilimshika kichwa," nikasema.

Alinigeukia mimi, si Kache, akatabasamu kwa masikitiko. "Binti yangu, wewe ni mtu wa dini. Nyumba ya Waislamu, siku ya Idi, na mbwa yuko uani? Mimi nilimweka mbali na watu kwa sababu hiyo hiyo." Mzee wa mtaa akatikisa kichwa kukubali, na wanaume nyuma yake nao wakatikisa. Nilijua vichwa vile vikikubali hivyo, mbwa atarudi kwenye nguzo ya tangi kabla ya adhuhuri. Dereva alikwisha kupiga hatua moja kuelekea kwenye kuni.

Shangazi akainuka. Tangu mbwa aje hakuwahi kumgusa. Alimfukuza kwa ufagio, na hata jina hakumpa, alimwita "huyo". Alivuka ua mzima na gauni lake jipya, akampita dereva, akainama nyuma ya kuni. Mbwa alikuwa amelala, shingo yake haina manyoya, ngozi mpya nyekundu inang'aa kwa mafuta ya mwarobaini. Shangazi akaweka kiganja chake cha hina juu ya kovu lile, akakiacha hapo. Mbwa alinyanyua kichwa akamlamba vidole vyote, kiganja, hadi kifundoni. Shangazi alimngoja amalize. Kisha akarudi hadi alipokuwa Injinia, akamnyooshea mkono ule ule, umelowa.

"Haya," alisema. "Mkono wa Idi."

Injinia alirudi nyuma hatua moja. Aliwatazama wanaume aliokuja nao, na wanaume wakayatazama makubadhi yao.

"Waogopa nini?" alisema Shangazi. "Mimi nina maji, na udongo ule pale. Nikiosha mara saba mkono huu ni safi, na hawa wote watahesabu, wameshazoea. Wako wewe, Injinia, utauosha kwa maji gani?"

Injinia aligeuka, akatoka, na dereva akamfuata na mnyororo mtupu. Shangazi aliendelea kusimama pale, mkono ameunyoosha, mpaka tuliposikia gari linaondoka.

"Siti," alisema, "lete birika."